Chombo na Shahidi wa Pili

Wewe usomaye kurasa hizi ukiwa Kericho au Bomet, yamkini hujapata kuiona bahari. Kila uamkapo huona vilima vilivyofunikwa na chai mpaka upeo wa macho, na ukungu ukijiinua polepole kutoka mabondeni; na maji mengi uyajuayo ni yale ya mito kama Itare, Kipsonoi na Nyangores. Waweza kuuliza, na swali lako ni la haki: habari za mabaharia na ala zao zamhusu nini mwanafunzi akaaye katika nchi iliyoinuka karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari?

Jibu limo katika kikapu cha mchuma chai. Yale majani mawili na chipukizi lake yachumwayo asubuhi hupelekwa kiwandani, yakanyaushwa, yakasagwa, yakaachwa yageuke rangi, yakakaushwa na kutiwa magunia. Kisha chai husafiri mpaka Mombasa. Huko huuzwa kwa mnada, maana mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo ungali huko. Sehemu kubwa kabisa ya chai ya Kenya hunywewa ng'ambo: Pakistani, Misri, Uingereza, nchi za Ghuba na kwingineko, na njia ya kuifikisha huko ni bahari. Hivyo meli ikipanda mwamba, au ikilazimika kuzunguka bara zima kwa kuiogopa njia fupi, hasara haimwishii nahodha. Chai hulala ghalani, mnunuzi husitasita, na mkulima wa Litein au Mogogosiek huweza kuiona hasara hiyo katika bonasi yake, wala asijue ilikotoka.

Katika lugha yetu neno chombo lina maana mbili. Chombo ni jahazi au meli. Na chombo ni ala ya kufanyia kazi. Insha hii ni historia fupi ya chombo cha pili ndani ya chombo cha kwanza, yaani ala zimwonyeshazo baharia mahali alipo, na hasa zile ziendeshwazo kwa umeme. Swali letu ni moja: je, chombo cha kuonyesha njia chaweza kuaminiwa, na kwa kiasi gani?

Tuanze na wazee wetu wa pwani. Karne nyingi kabla ya umeme kujulikana, majahazi yalivuka bahari ya Hindi yakaenda na kurudi. Kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Nahodha alipotaka kujua amefika wapi kati ya kaskazini na kusini, alitumia kamali, nacho ni kibao kidogo cha mti chenye uzi uliopigwa mafundo. Aliuma fundo kwa meno, akanyosha kibao mbele ya jicho, upande wa chini ukagusa ukingo wa bahari na upande wa juu ukagusa nyota ya kaskazini. Kadiri nyota ilivyokuwa juu, ndivyo alivyokuwa mbali upande wa kaskazini. Wewe wa Kericho usingeweza kuifanya kazi hiyo kutoka kwenu, kwa sababu nchi yako iko kusini ya ikweta kwa kitambo kidogo tu, na nyota hiyo hulala pale pale penye ukingo wa dunia, ikafichwa na vilima na ukungu. Vivyo hivyo mabaharia walioshuka kuelekea Kilwa na Sofala walilazimika kutegemea nyota nyingine. Mwanachuoni wa bahari Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyeishi katika karne ya 15, aliandika mengi juu ya elimu hiyo, hata juu ya njia ya kwenda Sofala.

Lakini nahodha huyo hakuisikiliza nyota peke yake. Alipokaribia nchi kavu alitupa bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, apate kupima kina cha maji. Aliitazama rangi ya bahari, akawaangalia ndege, akasikiliza mawimbi yakivunjika mwambani. Nyota ilimwambia neno, upepo ukamwambia neno, na bildi ikamwambia neno. Mashahidi hao walipopatana, aliendelea. Walipohitilafiana, alishusha tanga akangoja. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Thamani ya maarifa hayo ilidhihirika mwaka 1498. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka huo, alikuwa na dira, na ala za kupimia jua, na mizinga. Alichokosa ni mtu aijuaye bahari ya Hindi. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Zamani wengi waliamini kwamba rubani huyo ndiye Ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria wa siku hizi wengi hawalikubali, nao hudhani kuwa alikuwa mtu wa Gujarati. Kwa uongozi wake, na kwa upepo mwema, Wareno walifika Bara Hindi kwa muda wa siku 23 hivi. Waliporudi hawakungoja majira ya upepo wa kurudia, wakataabika baharini karibu miezi mitatu. Wengi walikufa kwa ugonjwa wa kiseyeye, hata ikawabidi kuichoma moto moja ya meli zao kwa kukosa watu wa kuiendesha. Meli zilikuwa zile zile, na dira zile zile. Kilichopungua ni ujuzi wa kuzitumia mahali hapo na wakati huo.

Kamali ilijibu nusu ya swali tu. Ilimwambia nahodha umbali wake kutoka ikweta, yaani latitudo. Haikumwambia umbali wake upande wa mashariki au magharibi, yaani longitudo. Kutojua huko kulileta misiba mikubwa. Tarehe 22 Oktoba 1707, kundi la manowari za Uingereza zilizokuwa zikirejea kwao ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, kwa kuwa wakuu wake walidhani wako mahali pengine. Manowari nne zilizama na watu zaidi ya 1,400 walipotea. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hata pauni 20,000 kwa mtu atakayegundua njia ya kuijua longitudo baharini. Aliyeshinda kazi hiyo hakuwa mwanachuoni wa nyota, bali John Harrison, seremala aliyejifunza kutengeneza saa. Saa yake iliyojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761 na 1762 ilishika wakati sawasawa juu ya chombo kiyumbacho.

Kanuni yake ni nyepesi, nawe waweza kuihesabu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja, basi uzi mmoja ni dakika nne. Mombasa iko mashariki ya Kericho kwa nyuzi nne na kitu. Kwa hiyo jua hufika utosini Mombasa dakika 17 hivi kabla ya kufika utosini Kericho. Baharia aliye na saa ya kweli ya bandari yake, akilinganisha na adhuhuri ya mahali alipo, huijua longitudo yake. Lakini hapo pana hatari. Saa ikikosea dakika nne, meli imekosewa mahali pake kwa uzi mzima, yaani karibu maili 60 za baharini kwenye ikweta. Nayo saa iliyokosea haitoi sauti tofauti na saa ya kweli. Zote mbili hulia vivyo hivyo.

Mabaharia walilielewa jambo hili upesi. Mwenye saa moja hajui kama imekosea. Mwenye saa mbili, zikihitilafiana, hajui ipi ya kuaminiwa. Mwenye saa tatu, mbili zikipatana, huijua ile iliyopotoka. Meli iliyoitwa Beagle ilipoondoka Uingereza mwaka 1831 kwenda kupima pwani za dunia, ilichukua saa za namna hiyo 22. Miaka michache kabla yake, Kapteni Owen wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa ameipima pwani ya Afrika ya Mashariki, na wengi wa watu wake walikufa kwa homa katika kazi hiyo. Ramani ya bahari, kama saa, ilinunuliwa kwa roho za watu.

Sasa tufike karne ya 20, wakati umeme ulipoingia baharini. Kwa ajabu ya historia, hatua tatu za habari hii zaweza kusomwa katika sehemu moja ya dunia, nayo ni bahari iliyo karibu na kisiwa cha Nantucket, nchi ya Marekani. Hapo hupita meli nyingi, hapo pana mafungu ya mchanga, na hapo hutanda ukungu mzito kama ule uyafunikao mashamba ya chai alfajiri.

Hatua ya kwanza ni ya mwaka 1909. Mwezi wa Januari, meli iitwayo Republic iligongwa ukunguni na meli nyingine iitwayo Florida. Republic ilikuwa na mtambo wa simu ya upepo, na fundi wake, Jack Binns, alikaa katika chumba kilichobomolewa akipeleka habari za msiba kwa muda wa saa nyingi. Meli nyingine zilisikia zikaja. Watu wachache walikufa kwa kule kugongana, lakini wengine wote, zaidi ya elfu moja, waliokolewa. Ulimwengu ulishangilia, na kwa haki. Mtambo wa umeme ulikuwa umeita msaada mahali ambapo sauti ya mtu isingefika.

Katika miaka ya 1920, makampuni makubwa ya chai yalipofungua mashamba Kericho juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa Wakipsigis, mtambo wa simu ya upepo ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kawaida katika meli kubwa. Chai ilipelekwa stesheni ya Lumbwa, iitwayo leo Kipkelion, ikashuka kwa reli mpaka Mombasa, ikapakiwa melini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli hizo zilipata rada. Rada hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga kitu hurudi. Kwa kuupima muda wa kurudi, mtambo huonyesha kioo chenye alama mahali palipo na meli nyingine au nchi kavu. Watu walisema kwamba ukungu umeshindwa.

Hatua ya pili ilikuja kuwajibu. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, mwaka ule ule mnada wa chai ulipoanza Nairobi, meli ya Kitaliani Andrea Doria ilikuwa ikikaribia Nantucket ndani ya ukungu, na meli ya Kiswidi Stockholm ilikuwa ikitoka New York. Zote mbili zilikuwa na rada, na rada zote mbili zilikuwa nzima. Kila moja iliiona nyingine kiooni kabla ya kuonana kwa macho. Lakini alama ya kiooni huonyesha kitu kilipo sasa. Haielezi kinakwenda wapi, mpaka mtu achukue karatasi na kalamu, aandike alama baada ya alama, ndipo njia ya meli ile ijulikane. Katika Andrea Doria kazi hiyo haikufanywa, wala mwendo haukupunguzwa kama ukungu ulivyodai. Wakuu wa meli hii walidhani watapishana upande mmoja, na wa meli ile wakadhani upande mwingine. Mmoja aligeuka kushoto ajitenge, wa pili akageuka kulia ajitenge, na meli zikakutana. Watu 51 walikufa, na Andrea Doria ikazama asubuhi ya pili yake. Kesi ilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna hakimu aliyekata shauri ni nani mwenye makosa. Hata hivyo mabaharia walipata somo, nao wakawa na msemo wa kejeli juu ya ajali zilizotokea kwa msaada wa rada.

Usiharakishe, msomaji, kusema kwamba rada ilidanganya. Rada ilisema kweli. Waliokosea ni watu walioitazama nusu ya ushahidi wakadhani wameuona wote.

Hatua ya tatu ni ya setilaiti. Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS, uliokusudiwa kwa kazi za kijeshi. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti ikatunguliwa, na watu 269 wakafa. Ndipo Rais wa Marekani alipotangaza kwamba mfumo huo utakapokamilika utawafaa na raia. Ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huruka kimo cha kilometa 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa sahihi mno, nazo hutangaza wakati bila kukoma. Kipokezi kilicho melini husikiliza setilaiti nne au zaidi, kikapima kila tangazo limechelewa kiasi gani, kikajua mahali kilipo. Unaona kwamba kazi ya Harrison ingali ndiyo msingi. Saa imehamia mbinguni tu.

Mwaka ule ule wa 1995, mwezi wa Juni, meli ya watalii iitwayo Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu 1,509. Haikuchukua saa nzima baada ya kung'oa nanga kabla ya waya wa antena ya GPS kuchomoka. Kipokezi kilipokosa setilaiti hakikunyamaza. Kilianza kukisia, kikitumia mwendo na uelekeo wa meli, bila kujua kwamba upepo na mkondo wa maji vilikuwa vikiisukuma kando. Kilitoa onyo, lakini lilikuwa herufi chache ndogo katika pembe ya kioo. Usukani wa kujiendesha ukaendelea kuzifuata namba zile kama kwamba ni za kweli. Kwa muda wa saa 34 hakuna aliyegundua.

Hapa ndipo penye fundisho lenyewe. Ndani ya meli ile ile palikuwa na mtambo mwingine uitwao Loran, uliotegemea minara ya redio ya nchi kavu, nao ulikuwa ukionyesha mahali halisi. Hakuna aliyeulinganisha na ule wa kwanza. Palikuwa na kipima kina, nacho kilikuwa kimewekwa kwa namna ambayo hakingeweza kutoa onyo. Afisa mmoja aliona katika rada alama ya boya, akasadiki kuwa ni boya alilolitazamia, kumbe ni jingine. Boya la pili halikuonekana kabisa, walakini nahodha aliambiwa kwamba limeonekana. Jioni ile walinzi waliona taa zisizotazamiwa, na baadaye maji yenye rangi ya buluu na nyeupe mbele yao. Usiku wa tarehe 10 Juni meli ikapanda fungu la mchanga karibu na Nantucket, ikiwa imeiacha njia yake kwa maili 17. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa.

Fikiri idadi ya mashahidi waliosema kweli usiku ule: Loran, boya lililokosekana, taa, na rangi ya maji. Nahodha wa jahazi aliyezaliwa miaka mia tano kabla yao, mwenye kibao na uzi, angalishituka kwa kuona rangi ya maji peke yake. Wao walikuwa na shahidi mmoja wa uongo mwenye sauti ya upole na tarakimu zilizopangika vizuri, nao wakamsadiki huyo.

Usidhani kwamba makosa ya namna hiyo ni ya bahari za mbali. Katika bahari yetu ya Hindi, tarehe 25 Julai 2020, meli kubwa ya Kijapani iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa kisiwa cha Morisi. Meli ilikuwa na ramani ya bahari ya elektroniki, lakini haikuwa na ramani yenye maelezo ya kutosha juu ya pwani ile. Nayo ilikuwa imesogezwa karibu na nchi ili mabaharia wapate mawasiliano ya simu za mkononi. Siku chache baadaye tani 1,000 hivi za mafuta zilimwagika, zikaharibu matumbawe na mikoko na riziki ya wavuvi. Mtambo haukuharibika. Uliulizwa swali kwa ramani isiyofaa, nao ukajibu kwa kadiri ya ramani hiyo.

Mpaka hapa tumesema juu ya uzembe. Lakini siku hizi imeingia hatari nyingine ambayo wazee hawakuijua, nayo ni hila. Sauti ya setilaiti iliyotoka umbali wa kilometa 20,000 hufika duniani ikiwa dhaifu mno. Mtu mwenye mtambo wa redio aweza kuizima kwa kelele, kama vile mlevi apigaye makelele mkutanoni mzee asisikike. Aweza hata kuiga sauti yake, akaiambia meli kwamba iko mahali isipokuwapo. Katika nyakati za vita mambo hayo hufanywa makusudi, ili kupoteza ndege na makombora ya adui. Na meli za biashara hupotezwa pamoja nayo.

Sasa tazama ramani, uifuate chai yako. Iendayo Misri na Uingereza kwa njia fupi hupita Bahari ya Shamu; iendayo bandari za ndani ya Ghuba hupita Mlango wa Hormuz. Tangu mwisho wa mwaka 2023, Wahuthi wa Yemeni walipoanza kuzishambulia meli, makampuni mengi ya meli yaliiacha Bahari ya Shamu yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 10 Mei 2025, meli ya makontena iitwayo MSC Antonia ilipanda fungu karibu na Jedda, na wachunguzi wa safari za bahari walieleza kwamba ishara za GPS zilikuwa zimevurugwa. Mwezi uliofuata, wakati wa vita kati ya Israeli na Irani, mamia ya meli zilizokuwa karibu na Hormuz zilivurugiwa ishara zao, hata nyingine zikaonekana katika ramani za elektroniki kana kwamba zinatembea nchi kavu. Tarehe 17 Juni meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana katika maji hayo, na mabaharia 24 wa Adalynn wakaokolewa. Serikali ya Falme za Kiarabu ilisema kwamba chanzo ni kukosea kwa meli moja katika kukadiria njia. Basi mwanafunzi wa historia ajihadhari: si kila ajali itokeayo penye hila ni mtoto wa hila hiyo. Mambo mawili kutokea mahali pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine.

Tufanye nini, basi? Wako wasemao kwamba ala hizi zinawaharibu mabaharia, na kwamba ni heri kurudi kwenye nyota. Hao wanasahau misiba ya Scilly. Wanasahau abiria wa Republic, na watu zaidi ya 700 wa Titanic waliookolewa mwaka 1912 kwa kuwa simu ya upepo iliita meli nyingine. Wanasahau meli zisizohesabika zilizopita ukunguni salama kwa rada, ambazo hatuzisikii kwa sababu salama haiandikwi magazetini. Wako wengine wasemao kwamba dawa ni mtambo mpya zaidi. Hao nao wanasahau kwamba Royal Majesty ilikuwa na mitambo ya kutosha.

Njia ya katikati imo katika kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, zilizotungwa mwaka 1972 zikaanza kutumika mwaka 1977. Kanuni hizo zinaamuru kila meli iwe na ulinzi wakati wote, kwa macho na kwa masikio na kwa kila njia ipatikanayo. Na zinakataza kukata shauri kwa habari haba, hasa habari haba za rada. Angalia kwamba macho na masikio yametajwa waziwazi, wala hayakufutwa na mitambo. Kadhalika, meli kubwa iingiapo bandari ya Mombasa, hata iwe na ala mpya namna gani, hupokea rubani wa bandari. Huyo huijua miamba ya lango, mikondo na maji kupwa na kujaa, na hukaa pamoja na nahodha mpaka meli iingie Kilindini salama. Kazi ya rubani wa Malindi aliyemwongoza da Gama ingali hai, nayo haijapata kuwa ya kizamani.

Nawe uko karibu na jambo hili kuliko unavyodhani. Katika kituo cha kupimia majani chai, mizani ya elektroniki huonyesha tarakimu, na karani huziandika. Mama aliyebeba kikapu hicho kutoka shambani anaujua uzito wake mgongoni mwake. Siku tarakimu na mgongo vikihitilafiana sana, mama mwenye busara haivunji mizani, wala hanyamazi. Huomba majani yapimwe mara ya pili. Hilo ndilo lote ambalo maafisa wa Royal Majesty walipaswa kulifanya, nao hawakulifanya kwa muda wa saa 34.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukukataza kuukalia msala mpya. Walikuonya usiutupe mkeka wako kwa sababu yake. Chukua rada, chukua setilaiti, chukua kila chombo ambacho elimu itakuletea, ukitumie kwa furaha na shukrani. Lakini kila kikujibupo, kiulize shahidi wake wa pili ni nani. Kikiwa naye, na wakipatana, endelea na safari. Kikiwa hakina, punguza mwendo, ufungue dirisha, uyatazame maji.